Kujiandaa kwa Usaili Nyumbani kwa Mama Mkwe

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya kelele. Nyumba ya jirani yetu ilikuwa ikipandishwa ghorofa, na tangu asubuhi mafundi waligonga nondo na kuzungusha zege mpaka vikombe vikawa vinalia kabatini. Nilikuwa najiandaa kwa usaili wa kampuni kubwa ya teknolojia, mojawapo ya zile ambazo kila mtu anazo ndani ya simu yake, huku namlea Klara, binti yangu, aliyekuwa ameanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Dada aliyekuwa akinisaidia kazi alikuwa amerudi kwao kuolewa. Mume wangu Fidelis ni muuguzi, na mwezi ule zamu zake zilikuwa hazieleweki.

Usaili huo haukuwa wa kwanza. Mwaka uliotangulia niliomba kazi kwenye kampuni hiyohiyo, nikafika hatua ya mwisho, nikakataliwa. Dada aliyenipigia simu kunipa habari alikuwa mstaarabu. Alisema programu nilizoandika zilikuwa nzuri, ila nilikuwa nanyamaza ninapofikiri, hivyo wasaili hawakujua akili yangu inapita njia gani. Tena nilipoeleza kazi nilizowahi kufanya, hawakuelewa ni kipi hasa nilichofanya mimi. Aliniambia nijaribu tena baadaye. Katikati hapo nikajifungua, na kampuni ndogo niliyokuwa naifanyia kazi ikafunga milango. Kwa hiyo safari hii sikuwa najaribu bahati. Tulikuwa watatu tunaoishi kwa mshahara mmoja.

Fidelis alipomweleza kwa simu mama yake, anayeishi kwenye milima ya Uluguru, jibu lilikuja hapohapo: "Mlete mjukuu wangu. Na mama yake aje na kompyuta yake. Huku hakuna anayegonga nondo."

Jumamosi asubuhi tulipanda treni ya umeme, mimi na Klara. Alibandika uso kwenye kioo akaacha duara la mate, nami nikaacha kufuta, maana kila nilipofuta aliweka jingine. Niliyapitia maelezo yangu kwa dakika chache tu. Kisha nikaona nimtazame mtoto anavyotazama mikonge ikikimbia nyuma. Milima ya Uluguru ilipojitokeza, na wingu limekaa juu yake, nilijikuta namwimbia Klara kwa mara ya kwanza tangu barua pepe ya kuitwa kwenye usaili ilipofika.

Stesheni ya Morogoro nilimkuta wifi yangu, Benedikta, anatungoja. Ni mwalimu wa sekondari, anafundisha historia, na shule zilikuwa zimefungwa. Alimchukua Klara kabla hata hatujasalimiana.

"Wifi, umekuja kusoma au umekimbia kupika?" akaniuliza.

"Vyote viwili."

"Basi umepotea njia. Mama ameshanunua mchele."

Tulinunua mikate na sukari, tukachukua gari dogo la kuelekea Mkuyuni. Barabara inazunguka miguu ya milima, na kila kona ina mto au alama ya mto. Mkuyuni ilikuwa siku ya soko. Mananasi yalikuwa yamepangwa chini kwa mafungu, mikungu ya ndizi imeegemezwa kwenye baiskeli, na harufu ya mdalasini ikitoka kwenye magunia. Hapo ndipo gari letu lilipokomea. Kilichobaki kilikuwa ni kupanda kwa miguu. Benedikta alinitazama nilivyobeba mtoto mgongoni, begi la nguo begani na mkoba wa kompyuta mkononi, akatikisa kichwa. Aliuchukua mkoba wa kompyuta, akakunja kitenge ngata, akaubeba kichwani. Alipanda mlima wote bila kuushika hata mara moja, akinisimulia habari za wanafunzi wake, huku mimi nyuma naomba kimoyomoyo asijikwae.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amesimama barazani. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umekonda, hiyo kampuni inataka watu wembamba?"

Akampokea Klara, akaanza kuzungumza naye Kiluguru, na mtoto akamjibu kwa kelele za furaha kana kwamba lugha hiyo alizaliwa nayo.

Jumatatu nilianza kazi. Baada ya chai nilikwenda kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya gogo na karatasi zangu. Niliamua kujizoeza kufikiri kwa sauti, na kwa kuwa Kiingereza kilinipa aibu hata nikiwa peke yangu, nilianza kwa Kiswahili. Kuna swali moja wasaili hulipenda sana: una vituo vingi vilivyounganishwa kwa njia, tafuta njia fupi ya kutoka hapa hadi pale. Unaanzia ulipo, unatembelea vituo vinavyopakana nawe, ambavyo katika kazi yetu tunaviita majirani. Kisha unatembelea majirani wa majirani, na kila unapopita unaweka alama ili usirudie. Basi nikawa nasema, tena kwa sauti ya kutosha: "Naanza na nyumba hii. Naingia kwa jirani wa kwanza. Nikitoka naweka alama. Naingia kwa wa pili, naweka alama. Simwachi mtu."

Sikujua kwamba upande wa pili wa migomba Mama Salome, jirani yetu, alikuwa anakata majani ya mbuzi.

Mchana huo tulikuwa tunakula ugali na mboga ya maboga, na mama mkwe hakuwa anakula. Alikuwa anamega tonge na kulirudisha.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "kuna jambo nataka kukuuliza, na usinifiche. Majirani wa hapa wamekukosea nini?"

"Hakuna aliyenikosea, mama."

"Mama Salome amekusikia asubuhi. Unasema utaingia nyumba moja baada ya nyingine, na ukitoka unaweka alama. Na kwamba humwachi mtu." Alishusha sauti. "Alama ya nini?"

Benedikta aliweka sahani chini, akatoka nje, na tukamsikia huko anacheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa naona joto usoni. Nilichukua punje za mahindi kutoka kwenye ungo, nikazipanga mkekani, kila punje nyumba, na vijiti katikati yake viwe njia. Nilimwonyesha jinsi ninavyotoka punje hii hadi ile, na kwa nini nageuza punje niliyokwisha kuipita. Mama mkwe alifuatilia kwa makini.

"Kwa hiyo kampuni kubwa namna hiyo inatafuta mtu wa kuwaonyesha njia ya kwenda kwa jirani?"

"Ndiyo, mama. Ila majirani wenyewe ni mamilioni."

"Basi mshahara uwe mzuri," akasema, na akaanza kula.

Jumapili, baada ya misa, tulipotoka kanisani, Mama Salome alinishika mkono mbele ya watu. "Mama Klara, wiki nzima imepita. Kwangu hujaja kuweka alama, nimekukosea nini?" Mzee mmoja akadakia kwamba kwake kuna mbwa, nimwekee alama huko huko barabarani. Watu walicheka, nami nikacheka, na kuanzia siku hiyo kitu fulani kilinifunguka. Nilikuwa nimeshachekwa na kijiji kizima na sikufa. Nilikaa kwenye migomba nikifikiri kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikikosea na kujirekebisha kwa sauti ileile, na wapita njia wakinisalimia na kuendelea na safari zao.

Wiki ya pili Benedikta alijiteua kuwa msaili. Aliweka kiti barazani, akavaa miwani, akaweka uso ambao nadhani ndio anaoingia nao darasani.

"Tueleze kazi ngumu uliyowahi kuifanya."

Nilimweleza habari ya mfumo wa kuuza tiketi za mabasi, uliokuwa ukizimika kila msimu wa sikukuu watu wanapoingia kwa wingi. "Tuligundua tatizo liko wapi, tukaandika upya sehemu ile, na…"

"Nani aligundua?"

"Timu."

"Timu ya watu wangapi?"

"Mimi na mwenzangu."

"Mwenzako siku hiyo alikuwa wapi?"

"Likizo. Kwao Songea."

"Kwa hiyo timu ilikuwa wewe na kiti chake."

Nilijaribu tena. Nilitaka kusema niligundua, ikatoka tuligundua. Nilijaribu mara ya tatu na ulimi ukafanya vilevile. Si kwamba nilikuwa mnyenyekevu kuliko wengine. Nimelelewa kwamba mtu anayesema mimi, mimi, hana adabu, na sasa adabu hiyo ilikuwa inataka kuninyima kazi. Benedikta alivua miwani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Wifi, hili ndilo litakaloturudisha kulekule," akasema.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mama mkwe kuipokea jumuiya, yaani majirani wa parokia wanaosali pamoja kila wiki, kila mara nyumba nyingine. Nilijitolea kupika pilau. Mama alimenya vitunguu, akaniachia jiko, akaenda kutandika mikeka. Viungo vilikuwa vya shambani kwao, vikali kuliko vile ninavyonunua mjini, na karafuu nikazitia kwa kipimo cha mjini. Baada ya sala tulipakua. Mama Salome alitafuna, akatulia, akatafuna tena.

"Hizi karafuu," akasema. "Nani kapika?"

"Tumepika na mama," nikajibu.

"Kapika yeye," akasema mama mkwe bila kugeuka. "Mimi nilimenya vitunguu."

Niliinamisha kichwa. Mama Salome akasogeza sahani. "Karafuu zimezidi kidogo. Lakini wali umechambuka, na nyama imeiva barabara. Niongezee."

Jikoni, tulipokuwa tunaosha vyombo, nilimwambia mama mkwe kwamba alikuwa ameniaibisha. Alishangaa kweli.

"Nimekuaibisha vipi? Ukisema tumepika, pilau ikisifiwa mimi nakuibia, ikisemwa vibaya unanibebesha. Sitaki vyote viwili." Akanipa sufuria nisugue. "Na vitunguu vyangu visemwe kuwa ni vyangu. Nimelia navyo."

Nilisugua sufuria ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Siku zote nilidhani kusema nilifanya ni kujisifu. Sikuwa nimefikiri kwamba ni kuwaachia na wengine vilivyo vyao, na kuubeba mwenyewe mzigo wa karafuu. Kesho yake nilimwita Benedikta barazani kabla hajamaliza chai, nikamsimulia habari ya tiketi upya: niligundua hili, nikakosea pale, mwenzangu aliporudi akaniboreshea lile. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Huyu sasa ninamjua," akasema.

Jumatatu iliyofuata niliteremka na Klara Morogoro mjini, kwa kuwa kule mlimani mtandao ulikuja na kuondoka upendavyo. Nilichukua chumba kwenye nyumba ya wageni upande wa Mzinga, yenye jenereta. Fidelis alifika kwa treni, bado na usingizi wa zamu machoni, akampeleka Klara bustanini.

Usaili ulikuwa wa siku nzima, mtu mmoja baada ya mwingine kwenye skrini. Wa kwanza alinipa swali la njia fupi, na nilipoanza kutaja majirani nilitabasamu hata akaniuliza kuna nini. Wa pili alinipa swali ambalo sikulimaliza. Nilimwambia ninapokwama na kwa nini, na tukaendelea kulichimba pamoja mpaka muda ukaisha. Mapumzikoni nilimnyonyesha Klara kwa haraka, nikabadilisha blauzi iliyolowa maziwa. Wa mwisho alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alitaka nimweleze kazi ngumu. Nilianza na sisi, nikasita, nikamwomba nianze upya. Nikasema mimi. Niliyataja makosa yangu, nikataja na kilichokuwa cha mwenzangu, na alipoandika sikuogopa anaandika nini.

Jioni tulikula kuku wa kuchoma na ndizi, Klara akilala begani kwa baba yake. Fidelis aliniuliza imekwendaje. Nilimwambia sijui kama nimepata, ila safari hii watamkataa au watamkubali mtu wanayemjua.

Tulikuwa tumesharudi Dar es Salaam simu ilipoita, nikiwa naanika nguo, na zege la jirani linazunguka. Ilibidi niingie chooni na kufunga mlango ndipo nisikie. Nilikuwa nimepata. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikalia kidogo, kisha nikampigia Fidelis kazini, kisha mlimani.

Mama mkwe alipiga kigelegele kirefu, Benedikta akaipokea simu akapiga cha kwake. Kisha mama akarudi kwenye simu na swali moja.

"Ukianza kazi, mjukuu wangu atabaki na nani?"

"Hilo bado tunalitafuta, mama."

"Mnatafuta nini, na mimi nipo?"

Nilikwenda Uluguru kutafuta ukimya, na nakiri sikuupata. Nilipata watu walionisikiliza nikifikiri, wakacheka, wakaniuliza nani kafanya nini. Usaili ni mazungumzo na mtu asiyekujua, na huwezi kujizoeza mazungumzo hayo ukiwa umejifungia peke yako.

Siku mbili kabla sijaanza kazi, tulikwenda stesheni kumpokea mama mkwe. Hakuwa amewahi kupanda treni ile. Tulimwona mbali, kitenge kipya, mkungu wa ndizi umebebwa na kijana mmoja, kikapu chake kimebebwa na mwingine, na abiria wanaoshuka wakimuaga mmoja mmoja, "Haya, Bibi Klara, msalimie mjukuu." Alikuwa amesalimia behewa zima, kiti kwa kiti, tangu Morogoro.