Fundi wa Magongo anayemwachia mteja bisibisi

Saa nne asubuhi, Mwalimu Asmaa Jafar ameketi kwenye kibao kifupi ndani ya duka la Nguma Kaingu, Magongo, Changamwe, bisibisi mkononi. Laptopu yake imelazwa kifudifudi juu ya kitambaa. Amekwisha kutoa skrubu saba. Ya nane haitaki.

"Ikandamize kwanza, ndipo uizungushe," Nguma anamwambia. "Polepole tu, Mwalimu."

"Nikiivunja je?"

"Hutaivunja. Na ukiivunja, mimi nipo."

Nguma ndiye fundi, lakini amekaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani. Hajaigusa laptopu hiyo tangu mwenyewe alipoingia nayo. Kazi yake leo ni kutazama na kusema.

Asmaa hufundisha watoto wa chekechea Jomvu Kuu. Laptopu hiyo aliinunua mtumba miaka minane iliyopita, na siku hizi akiiwasha anapata nafasi ya kuchemsha chai na kuinywa kabla mashine haijawa tayari. Akifungua kazi mbili kwa pamoja, inaganda. Fundi mmoja mjini alimwambia atafute nyingine, kwa shilingi elfu ishirini na nane.

"Sina," anasema. "Nikaambiwa kuna mtu Magongo atanionyesha."

Skrubu ya nane inatoka. Kabla hajainua kifuniko, Nguma anamrudisha nyuma: chaja imechomolewa? Betri imetolewa? Basi aguse kwanza chuma cha mguu wa meza, ili umeme mdogo unaokaa mwilini usije ukaunguza kitu. Asmaa anagusa chuma, anacheka kidogo, kisha anainua.

Ndani kuna kadi nyembamba ya kijani, ndefu kama kidole. Hiyo ndiyo memori, mahali mashine inapoweka kila inachofanyia kazi kwa wakati huo. Ya Asmaa ni ya gigabaiti mbili, ndogo mno kwa kazi za leo. Anazisukuma nje kwa vidole gumba zile kulabu mbili ndogo za pembeni, kadi inajiinua yenyewe, anaichomoa. Mpya anaiingiza kwa kuilaza mshazari, pengo lake likielekea kwenye kijino cha tundu, kisha anaibonyeza chini mpaka kulabu zinalia tak.

Anafunga, anarudisha betri, anawasha. Inakuwa tayari kwa sekunde hamsini.

"Kumbe ni hivyo tu," Asmaa anasema.

"Ni hivyo tu," Nguma anaitika, na hapo uso wake unabadilika. Anainuka, anajifanya kutafuta kitu kwenye rafu.

Nguma ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Kaloleni, akaja Changamwe akiwa na miaka ishirini kufanya vibarua vya kupakia mizigo. Ufundi alifunzwa na mtu aliyekuwa akitengeneza redio karibu na alipopanga. Duka lake mwenyewe alilifungua mwaka 2015, na mambo yalimnyookea. Kuna miezi aliyopata shilingi elfu arobaini na tano baada ya kulipa kodi.

"Nilikuwa fundi mzuri wa mkono," anasema. "Wa mdomo, la."

Mwezi Machi 2019 aliingia dukani mwake mwanamke wa Mtongwe, Likoni, aitwaye Mwanakheri Ahmad. Kaka yake aliyekuwa na kazi Changamwe ndiye aliyemwelekeza. Alikuwa na laptopu imefungwa ndani ya leso. Ilikuwa ya mumewe, Mwidani, mwalimu wa shule ya msingi, aliyefariki mwaka mmoja kabla kwa saratani ya koo.

Mwanakheri alisema mashine haiwaki vizuri. Nguma aliiwasha, akangoja dakika kumi, akaona tatizo. Memori ilikuwa ndogo. Kadi iliyoifaa ilikuwa kwenye droo yake.

Lakini asubuhi hiyohiyo kuna mteja mwingine aliyekuwa amemwachia laptopu ya aina ileile, kioo kimepasuka. Vioo vya aina hiyo vilikuwa adimu.

"Nikamwambia, mama, hii imezeeka. Imekufa hii," Nguma anasimulia. "Nikamwambia nitainunua kwake kama vipuri, elfu mbili na mia tano. Maneno yalinitoka mepesi, kama mtu anayesalimia."

Mwanakheri alimuuliza swali moja. Vilivyomo ndani je? Nguma akamwambia asiwe na wasiwasi, atamtilia vyote kwenye flashi.

Alianza kunakili. Mashine ilikuwa ikijikokota, faili moja baada ya nyingine. Baada ya saa nzima alikuwa amepata picha na barua zilizoonekana kwenye kioo mashine ilipowaka. Hakutazama sehemu ya pili ya diski, kule mashine inakohifadhi faili zake. Alichoka kungoja. Alimkabidhi mama huyo flashi, akamtakia safari njema.

Jioni yake alitoa kioo. Kesho yake aliifuta diski, akaiweka kwenye mashine nyingine na kuiuza kwa dereva wa lori aliyekuwa akipita. Kutokana na laptopu ile alipata shilingi elfu saba.

Siku ya kumi na nane Mwanakheri alirudi, safari hii na binti yake, Zuleikha, aliyekuwa na miaka kumi.

Nyumbani kwake Mtongwe, Mwanakheri anaeleza mwenyewe walichokuwa wakikitafuta. Mumewe alipoambiwa kwamba operesheni itamwondolea sauti, alianza kujifungia chumbani kila baada ya alasiri na laptopu. Alikuwa akimrekodia binti yake.

"Alikuwa akimzungumzia mambo ya ukubwani," anasema Mwanakheri. "Akivunja ungo asione haya kuniuliza. Akiposwa asikubali kwa kuchoka. Mimi nilisikia moja tu, tena nikipita mlangoni. Zilikuwa thelathini na kitu. Akaniambia, Mwanakheri, usizifungue mpaka awe na akili ya kuzisikia."

Zilikuwa kwenye ile sehemu ya pili ya diski.

Nguma aliposikia hayo alikuwa amesimama hapo hapo dukani. Alijua diski imefutwa na imekwenda. Alifungua mdomo, akasema uongo wa pili. Alisema diski ilikuwa mbovu, faili zilikuwa zimeoza tangu awali, hakuna fundi ambaye angeziokoa.

"Yule mama hakunigombeza. Alisema, haya, ndiyo amri ya Mungu. Mtoto akaniuliza kama zinaweza kuoteshwa tena." Nguma anarudia: "Kuoteshwa. Alitumia neno hilo."

Kwa wiki mbili alimtafuta yule dereva. Alikuwa na jina moja tu na namba ya simu isiyopatikana. Aliulizia kwenye maegesho ya malori mpaka madereva wakadhani anamdai pesa. Mkewe, Selpher, anakumbuka siku hizo.

"Alikuwa hali chakula. Nikimuuliza, anasema tumbo," anasema Selpher, ambaye hushona nguo chumba cha pili. "Mimi nilidhani ana mwanamke."

Baadaye akaacha kutafuta. Biashara ikaendelea. Anasema alijizoeza kutofikiri, na kwa muda aliweza.

Mwaka 2021 kijana wa chuo, Felix, alipita dukani kununua chaja. Alikuwa na laptopu ya aina ileile ya Mwidani, inafanya kazi vizuri. Alimweleza Nguma kwa furaha kwamba fundi mmoja alikuwa amemwambia imekufa, naye akasoma, akanunua kadi, akaibadilisha mwenyewe mezani kwao.

"Aliniambia, hawa mafundi bwana, wanategemea sisi hatujui. Akanitazama kama mwenzake, maana nilikuwa natikisa kichwa."

Jumapili hiyo Nguma hakwenda kanisani. Alivuka feri ya Likoni, akauliza njia mpaka akafika kwa Mwanakheri. Alibisha hodi, akakaribishwa, akapewa maji ya kunywa. Hakuyanywa. Alisema yote, uongo wa mwanzo na wa pili, akitazama sakafu.

Mwanakheri alikuwa akichambua mchele. Anasema hakuacha kuchambua.

"Nilimuuliza, hiyo kadi ingekuwa pesa ngapi? Akasema elfu moja na mia tano." Mwanakheri anainamisha kichwa. "Wallahi, siku ile mkobani nilikuwa na elfu mbili. Ningemlipa, nauli ingebaki."

Hakumfukuza. Alimwambia amesikia, na kwamba anaweza kwenda. Zuleikha alikuwa chumba cha ndani na alisikia kila neno. Sasa ana miaka kumi na sita.

"Sauti ya baba imenipotea," anasema binti huyo. "Uso naukumbuka, ziko picha. Sauti nakumbuka tu kwamba alikuwa akikohoa kidogo kabla hajasema."

Je, amemsamehe fundi? Zuleikha anamtazama mamake, kisha anasema hajui. Mwanakheri anasema yeye alimsamehe kwa ajili ya Mungu, lakini kuna siku akiona laptopu mahali, kwenye benki au dukani, moyo humshuka.

"Mimi sikulilia ile mashine," anasema. "Nilimuuliza mtu, nikamwamini. Hilo ndilo linaloniuma."

Tangu Jumapili ile, Nguma hafungui laptopu ya mteja kwa mambo yanayohusu memori au diski. Mteja mwenyewe ndiye anayefungua, akielekezwa, na kabla ya hapo wanapitia pamoja kila kilichomo ndani. Kwa somo hilo hutoza shilingi mia tatu. Kadi huiuza kwa bei aliyoinunulia pamoja na mia mbili.

Wapo wateja wanaokasirika. Wanasema wamelipa nauli kumfuata fundi, si kuja kusoma. Huondoka. Mapato yake yameshuka hadi kama elfu ishirini na tano kwa mwezi, na yanaelekea kushuka zaidi, kwa kuwa laptopu nyingi mpya memori yake imechomelewa kwenye bodi na haibadilishwi. Selpher halifichi jambo hilo.

"Watoto watatu wako shule," anasema. "Nilimwambia, umekosa, umetubu, sasa fanya kazi kama watu. Akasema hii ndiyo kazi."

Nguma mwenyewe hakubali kuitwa mtu mwema. Aliposikia neno hilo alikunja uso.

"Mtu mwema angemwambia yule mama ukweli wakati diski bado iko mezani. Mimi nilichelewa kwa siku moja, halafu kwa miaka miwili. Haya ninayofanya sasa hayamrudishii chochote."

Mpango wake ni kuanza mafunzo ya bure kila Jumamosi. Somo la kwanza litakuwa wiki ijayo, kwenye ukumbi wa kikundi cha akina mama, Mtongwe. Amekusanya laptopu kuukuu sita na kadi za memori kumi. Anataka kila mwanamke atakayekuja atoke akijua mambo matatu: kufungua mashine yake, kuongeza memori, na kutoa diski yake na kwenda nayo nyumbani kabla ya kumwachia mtu mwingine yeyote kilichobaki.

Mwanakheri amepelekewa habari na mwenyekiti wa kikundi. Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya kama atakwenda, alikuwa akianua nguo kambani.

"Laptopu sina tena," alisema. "Nikafanye nini?"

Kule Magongo, Nguma anaelezwa jibu hilo. Nje mtu anauliza bei ya vipokea sauti vya masikioni, naye hasikii.

"Ni kweli," anasema hatimaye. "Hana."

Kisha anasema Jumamosi atavuka hivyo hivyo, feri ya mapema, awahi kupanga meza.