Mtoto Aliyekataa Mdomo wa Karatasi
Mwanangu alikuwa na miaka minne aliponyamaza. Siku ya tatu mwalimu wake wa chekechea akanipigia simu kazini. Nikaacha ndoo na ufagio, nikapanda treni hadi chekecheani, Jakobsberg, nikiwa nimewaka. Njia nzima nilipanga matusi ya Kiswidi, na sikuwa nayo mengi.

"Mmemfanya nini mtoto wangu?" nilimuuliza kabla hata sijavua koti.

Mwalimu hakukasirika. Alitoka Skåne, kusini, ambako kila Novemba wanakula bata bukini, na alikuwa amewasimulia watoto sababu yake. Zamani kulikuwa na mtawa mwema, ambaye siku hizi anaitwa mtakatifu. Watu wa mji walimtaka awe askofu, yeye hataki, akajificha kwenye banda la bata bukini. Bata wakapiga kelele, watu wakamwona, wakamtoa na manyoya kichwani. Uaskofu akaupokea, lakini akaamuru bata wachinjwe kila mwaka siku ile, kwa sababu ya midomo yao. Watoto walicheka, wakajitengenezea midomo ya karatasi. Wangu alikataa kuuvaa wake, na tangu hapo hakusema neno.

"Hadithi gani hiyo ya kumwambia mtoto?" nikasema. "Na huyo mtakatifu wenu ana roho mbaya."

"Mimi nilisimuliwa nikiwa mdogo kuliko yeye," akajibu. Kisha akanionyesha picha aliyoichora mwanangu asubuhi ya siku ileile: watu watatu kitandani. "Aliniambia huyu ni mama yake mdogo, anaishi nanyi, lakini ni siri."

Nikakaa kwenye kiti cha watoto.

Tulipanga chumba cha chini katika nyumba ya bibi mmoja mjane aliyeishi juu. Sharti lake lilikuwa mimi na mtoto, basi. Mdogo wangu alipomaliza kozi na kutolewa bwenini, nilimwingiza kimyakimya, nikamwambia mtoto: ukisema, tutafukuzwa sote. Nilirudia kumwambia hayo kila asubuhi nikimfunga kamba za viatu.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, giza limeshaingia, nikachuchumaa mbele yake.

"Ulimwambia mwalimu habari za mama mdogo?"

Akaziba mdomo kwa glavu zake, machozi yakazilowesha. Nikamtoa mikono taratibu. Akaninong'oneza: "Mtanichinja lini?"

Nilimbeba, mtoto mzito na nguo zake za baridi, huku nikimlaani mwalimu, nikamlaani mtakatifu, nikamlaani mwenye nyumba, mpaka watu wakaniishia nikabaki mimi.

Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi. Nikamweleza.

"Dada, tusubiri mwezi uishe," akasema. "Nitapata chumba mjini Södertälje."

"Mwezi mzima mtoto akae hivi? Vaa viatu."

Tukapanda juu, sote watatu. Nikamwambia bibi mbele ya mtoto kwamba huyu ni mdogo wangu, yuko hapa tangu Septemba, na mimi ndiye niliyemficha.

Bibi alitutazama tumejipanga mlangoni kwake. Akasema hapendi kudanganywa. Akasema mdogo wangu akae hadi Krismasi, asizidishe hata siku moja.

Mwanangu akanivuta sketi. "Mama, nani anachinjwa?" Sauti yake yote ilikuwa imerudi.

"Hakuna."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Wewe hukukosea kusema. Mimi ndiye niliyekosea."

Akafikiri. "Basi wewe?"

Bibi akauliza mtoto anasema nini. Nikamtafsiria yote, na ile habari ya bata. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, kisha akainama na kumwambia mwanangu kwamba nyumba hii inakula samaki tu.

Tuliposhuka, mtoto akaanza kutusimulia, Kiswidi na Kiswahili pamoja, nani alimwaga maziwa, nani alimng'ata nani, nani aling'oka jino. Siku tatu nzima zilikuwa zimejaa ndani yake. Aliendelea akiwa bafuni, akaendelea kitandani katikati yetu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.