Viatu vya Watu wa Kanisani

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha mpaka leo kwenye chumba chetu cha mtaa wa Nyamirambo, nikiwa na miaka saba, nikisubiri kuchapwa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Jirani yetu Mzee Kalisti, katekista aliyependa kuchora, alimletea picha aliyoichora kwa ajili ya parokia yake, ashonewe mfuko wa kuibebea. Ilionyesha kanisa kwa ndani: watu wamekaa kimya kwenye mabenchi, vichwa vimeinama, mwanga wa dirishani umewaangukia mabegani. Baba aliigeuza ikatazama ukuta, maana chumbani humo ndimo tulimoswali, na hatuswali mbele ya picha za watu. Mimi na udaku wangu, alipotoka tu, nikaigeuza tena.

Jamani! Wote walikuwa na viatu! Ndani ya nyumba ya Mungu! Kwetu hata kandambili ziliachwa mlangoni. Niliwahurumia kweli, nikaona watapata dhambi bure. Nikachukua chaki nyekundu ya baba nikawavua mmoja mmoja: nafunika kiatu, nachora vidole vitano. Padri naye sikumsahau.

Baba aliporudi aliiona. Hakunigusa. Alikaa chini tu akasema, "Mwajuma, watasema Waislamu wamechezea kitu cha kanisa." Hapo ndipo nilipoogopa, kwa kuwa sikuwahi kumwona baba akiogopa.

Mzee Kalisti alifika baada ya alasiri. Baba alianza kuomba radhi hata kabla ya salamu. Mzee akainama, akatazama, akatazama tena.

"Yampaye inka!" akashangaa kwa lugha ya kwao, kisha akaangua kicheko. "Hata padiri iko miguu chini!"

Ah, nilishusha pumzi. Baba naye alicheka huku akijifuta macho.

Bahati nzuri rangi ilikuwa imekauka, na chaki ilitoka kwa kitambaa. Mzee alianza na bibi mmoja wa benchi la nyuma, akamfuta polepole kuliko wengine wote. "Huyu iko mama yangu," alimwambia baba. "Acha avae. Akiwa hai mimi sikumupatia hata pea moja."

Wakati ule nilichojua ni kwamba nimeponea chupuchupu, nikakimbilia nje kucheza. Nilikuwa mtu mzima, nimeshamzika mama yangu, ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alimfuta polepole vile. Nilikuwa nimemvua mama yake viatu pekee alivyowahi kumvalisha.