Shanga za Sekela

Mwaka 1972 surua ilipanda hadi vilima vya juu ya Mbeya, ikaingia nyumbani kwa Tusekile. Mwanawe wa pekee, Sekela, alikuwa na miaka mitatu. Shingoni alivaa uzi wa shanga nyekundu aliofungwa na bibi yake mzaa baba, ili jicho baya lisimpate. Mtoto alipoanza kuchemka mwili, mzee wa kanisa, Jailos, alikuja kuomba. Akaziona zile shanga.

"Huwezi kumwomba Mungu huku umeshika za mizimu," alisema. "Chagua, mama."

Tusekile akachukua kisu akaukata uzi. Siku ya nne wakamzika Sekela nyuma ya shamba la pareto. Tangu siku hiyo mama mkwe wake hakumsemesha tena. Mume, Eliezeri, alikaa miezi miwili, kisha akaaga kwamba anakwenda Makongolosi kutafuta dhahabu. Hakurudi.

Tusekile akapata kibarua cha kufua na kupiga deki Iyunga, kwa Sista Matilda, muuguzi wa Kizungu. Sebuleni palikuwa na kalenda iliyokwisha mwaka wake, ikabaki ukutani kwa ajili ya picha: mtoto wa kike wa watu wakubwa, gauni zito, uso mkavu kama wa mtu mzima. Mkononi ameshika ndege mdogo aliyefungwa uzi mguuni. Shingoni, shanga nyekundu.

Tusekile aliiona siku ya kwanza, ndoo ikamponyoka.

"Hizo ni marijani, shanga za mawe mekundu ya baharini," Sista alimweleza. "Picha hii ilichorwa Italia, yapata miaka mia tano iliyopita. Wazazi waliwavika watoto marijani kuwakinga na mabaya."

"Walikuwa wapagani?"

"Hapana. Wakristo, tena wa kusali sana."

"Na ndege?"

"Ndege ni roho ya mtu."

Maneno hayo yalimkata, kisha yakamshika mkono. Kama Wakristo wale walivisha shanga, basi yeye ndiye aliyemvua mwanawe kinga. Lakini yule ndege hakuwa ameruka. Alikuwa bado kwenye uzi. Tusekile akaanza kuamini kwamba roho ya Sekela nayo haijaachiliwa, kwamba uzi upo mahali, na ncha yake moja anayo yeye. Kila asubuhi, kabla ya kushika tambara, alisimama mbele ya picha na kunong'ona: "Nisamehe, mwanangu. Usiachie." Kanisani hakuwa akipata maneno. Pale aliyapata. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima.

Siku moja aliuliza jambo ambalo hakujua kwa nini hakuwahi kuliuliza.

"Sista, huyu mtoto alikua? Aliolewa?"

Sista Matilda alivaa miwani, akasoma maandishi madogo ya Kilatini chini ya picha.

"Alikufa akiwa na miaka minne. Baba yake aliagiza picha ili asimsahau."

"Na shanga akiwa nazo?"

"Nadhani alikuwa nazo."

Jumapili ile Tusekile alipanda kilima hadi kwa mama mkwe wake. Alimkuta anaanika pareto. Akapiga magoti, akamsimulia yote: mtoto wa Kizungu, marijani, kifo chake. "Mama, hazikumsaidia yule. Labda hata wetu zisingemsaidia."

Kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili, yule mama alimjibu.

"Mama wa yule hakuushika wembe. Yule analia kifo. Wewe unalia nini?"

"Kilikuwa kisu, mama."

"Haya. Kisu."

Akarudi kwenye maua yake, akiyatandaza kwa kiganja. Tusekile alibaki amepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi, akitafuta neno la kumwomba Mungu, au neno la kumlaumu. Hakupata hata moja. Wingu likashuka kilimani, na yule mama akaanza kuingiza pareto ndani, peke yake, mkeka baada ya mkeka, bila kumwambia amsaidie.