Fundi Saa na Njiwa Waliokonda

Jicho la kulia la Fundi Saa lilikuwa na mikunjo mingi kuliko la kushoto, kwa kubana kioo cha ufundi tangu ujana. Saa zilipopungua mikononi mwa watu zikapungua na mezani pake, naye subira yake akaihamishia kwa njiwa. Banda lao alilijenga uani kwa mikono yake, ubavuni mwa banda la kuku wa mkewe.

Sasa njiwa walikuwa wanakonda. Kula walikula, tena kwa pupa, lakini ukimshika mmoja, mfupa wa kidari unakuchoma kiganja. Kinyesi kimekuwa majimaji ya kijani. Jirani alimwelekeza dawa ya kuharisha wanayopewa kuku. Akawapa, isifue dafu.

"Baba watoto," mkewe alimwambia huku akifagia, "mimi sina neno na njiwa wako. Nina neno na ugonjwa wao. Ikifika Jumamosi hujajua kinachowala, nawachinja wote, kabla hakijahamia kwa kuku wangu."

"Utakula mifupa mitupu."

"Mchuzi haubagui."

Fundi Saa alimjua mkewe, hakuwa mtu wa kutishia nyau. Akakata shauri kwenda kwa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa mpimaji katika maabara ya mifugo.

Alifika na kikopo. Ndani yake, katika karatasi laini ya kufungia saa, mlikuwa na unga mkavu wa rangi moja, hauna hata unyoya. Binti akaufungua, akaunusa, akamtazama.

"Mjomba, hiki nini?"

"Kinyesi. Nimekianika juani, nikakichekecha, mchanga nikautoa kwa kibano. Niliona haya kukuletea uchafu."

Binti alicheka hata akashika meza. "Tangu nianze kazi sijaletewa mavi yaliyooga! Mjomba wangu, huo uchafu ndio ninaoutaka. Kama mlikuwa na mayai ya minyoo, jua limeyasinyaza, hata nikiyaona sitayatambua. Rudi nyumbani. Kila njiwa mtie kwenye boksi lake, tandika karatasi. Akidondosha tu, chukua kikiwa kibichi, ufunike, uje mbio."

Siku ya Ijumaa maboksi yakapangwa barazani, na Fundi Saa akachuchumaa mbele yake.

"Mtu mzima," mkewe akasema, "anangoja ndege ajisaidie."

"Sema polepole, utamtia haya."

Mkewe alishikilia kwenda naye maabara, mkoba kwapani, apate kusikia hukumu kwa masikio yake.

Binti alikoroga kinyesi katika maji yaliyotiwa chumvi mpaka chumvi ikagoma kuyeyuka. Akachuja, akajaza kichupa hata maji yakavimba mdomoni, na juu yake akalaza kipande chembamba cha kioo. "Mayai ni mepesi kuliko maji haya," akasema. "Yataelea yenyewe yagande kwenye kioo. Sisi kazi yetu kungoja."

Kungoja Fundi Saa alikujua. Wakati ulipofika akainamia hadubini, na mara akaruka. "Nimeliona! Duara, lina ukingo mweusi!"

"Hilo povu la hewa, Mjomba. Kila mgeni hulishangilia. Tafuta mfano wa limau, lenye kizibo kila ncha."

Akazungusha gurudumu la hadubini kidogo, kidogo tena, kama anayerekebisha saa ya mkononi. Kutoka katika ukungu likajitokeza limau dogo la rangi ya asali, limezibwa huku na huku. Kwa kitambo alisahau kisu na Jumamosi.

"Hivi vizibo kavitia nani?"

"Mama yake, mnyoo mwembamba kama uzi, anayejichimbia utumboni. Dawa uliyowapa haimgusi kabisa."

Wakapima njiwa mmoja mmoja. Aliyekuwa na malimau mengi kuliko wote alikuwa Bwana Harusi, dume nono, ambaye hakuna aliyemshuku.

"Basi kinachowala kimejulikana," mke akasema. Akafungua mkoba, akatoa kikopo chake. "Pima na hiki. Ni cha kuku wangu. Nataka mwenzangu aone ndege safi walivyo."

Binti akakoroga, akachuja, wakangoja. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akasogea. "Mkaza mjomba, njoo uone mwenyewe."

Mke akainama.

"Limau," akasema kwa sauti ndogo. Kisha, "Liko na la pili."

"Aina hii huishi kwa njiwa, huishi na kwa kuku."

"Nani kampa mwenzake?"

"Hilo hadubini haisemi. Yai hudondoka, sakafu ikiwa na unyevu linakomaa, ndege mwingine anadonoa."

Fundi Saa akakohoa. "Kesho tunaanza kuchinja wa nani?"

"Usinichekeshe, naona vibaya." Jicho hakulibandua. "Mwanangu, dawa ipo?"

"Ipo. Wanywe wote siku moja, mabanda yakwanguliwe yakauke, halafu mrudi tupime tena."

"Basi yeye akwangue langu, mimi lake. La mwenzio ndilo unalolisugua bila huruma."

Jumamosi walishinda uani, fundi akikamata, mke akidondosha dawa mdomoni. Bwana Harusi akamdonoa kidole.

"Huyu nitamchinja," mke akasema, huku akimfuta mdomo kwa dole gumba.