Kumfuata Dada Nyalenda

Miaka ya themanini, dada yangu Atieno alipatwa na kiharusi, mguu na mkono wa kushoto ukalegea. Alikuwa mjane, akiishi peke yake Nyalenda, Kisumu, akiuza samaki wa kukaanga. Nilipopata habari nikiwa kwangu Nakuru, niliomba ruhusa kiwandani, nikamtandikia kitanda karibu na dirisha, nikaenda kumchukua.

Nilipanda garimoshi la jioni. Londiani baridi ilinitetemesha. Muhoroni harufu ya miwa ikaniamsha. Njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyomuuguza.

Asubuhi, Nyalenda. Mlango wa Atieno ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Nilipiga kelele. Kisha nikasikia vicheko kwenye bomba la maji. Wanawake waliokuwa wakingoja kuchota walikuwa wamesimama pande mbili, na Atieno akipita katikati, ameshika bega la jirani yake, Mama Awino.

"Inua mguu, usiburute!" walimpigia kelele. "Leo hatubebi mtu!"

Atieno aliwatukana huku akicheka.

Siku zilizofuata nilijionea. Mama Awino alimpeleka kliniki na kuhakikisha amemeza dawa. Watu wa kanisa walileta uji, wakakaa naye mpaka amalize. Sokoni walimwekea kiti, akageuza samaki kwa mkono mzima.

Hata hivyo, nilifungasha nguo zake.

"Nyaminwa," akaniita kwa lugha yetu, yaani dada, "unanipeleka wapi?"

"Kwangu. Kuna nafasi, na hospitali iko karibu."

Mama Awino akauliza, "Na wewe ukienda kazi, huyu atabaki na nani kwa nyumba?"

Niliendelea kufunga mzigo.

"Hapa nikichelewa kutoka, wanagonga mlango," Atieno akasema. "Huko nitalala tu, nikiangalia ukuta."

Nilifungua mzigo, nikazirudisha nguo kwenye sanduku.

Nilirudi Nakuru peke yangu, lakini bila wasiwasi. Nilikuwa nimeshuhudia kwamba dawa ilimsaidia dada, na watu ndio waliomwamsha kitandani kila siku.

Krismasi ilipofika, Atieno alishuka stesheni ya Nakuru kwa miguu yake, ameshika fimbo. Nyuma yake akashuka Mama Awino, kisha wanawake wengine wa bombani, wamebeba samaki wakavu.

"Walikataa nije peke yangu," akasema.

Nilikuwa na kitanda kimoja cha wageni. Tukatandika mikeka sebuleni, tukalala wote hapo, naye Atieno katikati.