Hapa Hakuna Fundi

Mjukuu wa Fundi alikuwa na mwaka mmoja na mwezi, meno sita, na hajasema neno hata moja la maana. Lakini nyumba ilikuwa haikaliki! Neno lilikuwa njiani, kila mtu alikuwa analiona midomoni mwa mtoto, na Fundi alitaka neno hilo liwe Bibi.

Msimcheke. Kwao Fundi, mama wa mama huitwa Bibi, na mama wa baba huitwa Nyanya. Ndivyo ilivyo tangu na tangu. Kwa kina mkwe wake, yaani mama yake baba wa mtoto, ni kinyume kabisa: Bibi ni wa upande wa baba, Nyanya ni wa upande wa mama, na wao pia wanasema tangu na tangu. Sasa hapo mtoto ni mmoja, jina ni moja, na fahali wawili hawakai zizi moja. Wazazi wenyewe, binti yake Fundi ambaye ni nesi na mumewe dereva, walijitoa mapema. "Atakayeitwa wa kwanza ndiye," dereva alisema, akachukua funguo zake akaenda zake.

Mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Alikaa mji mwingine, lakini simu anayo. Kila jioni: "Mwekeeni mtoto simu sikioni." Halafu sauti ile ya ubaoni: "Bi! Bi! Haya, pamoja, Bibi!" Fundi akisikia, mwili mzima unamwasha.

Kwake halikuwa jambo la kuringa. Alilelewa na Bibi, mama wa mama yake, tangu akiwa wa kutambaa. Bibi ndiye aliyemshika mkono akashona kifungo cha kwanza. Bibi alipofariki, Fundi alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku ile neno lile halikuwa na mwenyewe. Miaka arobaini na mitatu hiyo. Sasa lilikuwa linarudi, na alitaka lirudi kwake.

Akaingia kazini. Faida moja alikuwa nayo, mtoto alishinda naye. Kila asubuhi nesi alimwacha kwenye chumba cha kushonea, ndani ya kapu la vitambaa chini ya meza ya kukatia, na hapo ndipo alipoiona dunia: miguu ya wateja. Shida ni kwamba wateja wote walimwita Fundi. Hata marehemu mumewe alimwita Fundi. Jina hilo alikuwa nalo tangu akiwa na miaka saba, na lile la kwenye kitambulisho lilibaki kwenye kitambulisho.

Basi akabandika karatasi mlangoni: HAPA HAKUNA FUNDI. KUNA BIBI.

Loo, wateja walifurahi! Mzee wa bucha, aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, alisoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Mimi nina miaka sabini na moja. Nikuite wewe bibi?"

"Niite, au suruali itoke kaptura."

"Haya, Fundi... aka! Bibi!"

Ndivyo siku zilivyokwenda. Mtu anaingia, "Hodi, Fundi!" Fundi anaruka na rula yake ya mbao, anaigonga mezani, pa! "Nani?" Mteja anashika mdomo: "Bibi! Bibi, nisamehe!" Wote wanaangua kicheko, na chini ya meza mtoto anacheka kuliko wote, anapiga makofi, anamsubiri mwingine aingie. Fundi akaona mambo yanakwenda. Akajishonea aproni mpya, kifuani akadarizi BIBI kwa uzi mwekundu, herufi za kuonekana toka barabarani, kwa sababu Jumamosi mkwe alikuwa anakuja mwenyewe.

Akaja, na kadi za picha mkobani! Walikumbatiana, wakaulizana habari za nyumbani, za afya, za magoti, heshima juu ya heshima. Kisha mkwe akaiona aproni.

"Umependeza, Nyanya," akasema taratibu.

"Ahsante, Nyanya," Fundi akajibu.

Nesi akainama akajifanya anafunga kiatu.

Wakamsimamisha mtoto katikati ya chumba, mmoja huku, mmoja kule. "Njoo kwa Bibi!" "Bibi yuko huku, mama!" Moyo wa Fundi ulikuwa unakimbia kuliko cherehani yake. Mtoto akamtazama huyu, akamtazama yule, akapiga hatua tatu kuelekea kwa Fundi. Tatu nzima! Akaokota rula iliyoegemea mguu wa meza, akaigonga sakafuni, pa!

"Fudi!" akasema. Akacheka, akangoja.

"Kasemaje?" mkwe akauliza.

"Fudi! Fudi!"

"Mama, umemfundisha mwenyewe!" nesi akapiga kelele. "Wote wanaanza na Fundi, halafu rula, halafu vicheko. Likija Bibi, utamu umeshakwisha!"

Mkwe alicheka mpaka akatafuta kiti. Fundi hakucheka. Alikaa sakafuni. Iliuma, tusifichane. Amelingoja neno miaka yote hiyo, nalo limempita mlangoni kwake mwenyewe. Mtoto akaiacha rula, akamsogelea, akamshika kidevu kwa mikono miwili, akasema polepole, "Fudi."

Kidevu hicho kiliwahi kushikwa hivyo hivyo. Alikuwa na miaka saba, kifungo cha kwanza kimeshonwa, kimepinda lakini kimeshika, na Bibi ameinama anamtazama usoni: "Fundi wangu wewe." Kabla ya Bibi hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Amelivaa jina lile maisha yote mpaka akasahau nani alimvisha.

"Abee!" akaitika, wapita njia wakageuka. "Abee, mjukuu wangu!" Machozi yanamtoka na anacheka. Akanyanyuka, akavua aproni, akamvalisha mkwe, akamfunga kamba mgongoni kwa fundo la mara mbili.

"Vaa, Bibi. Kiuno nitakuongezea Jumatatu," akamwambia. "Na ukitoka, nibandulie ile karatasi mlangoni. Inadanganya watu."